Mgomba Haupigi Magoti

Nilipokuwa mtoto, sakafu za nyumba zetu zilitandikwa nyasi. Kila Jumamosi mama alinituma rweya, ile mbuga ya wazi iliyo nje ya vibanja vyetu vya migomba na kahawa, nikakate nyasi laini za kutandika, kwa sababu Jumapili wageni wakitoka misa walipitia kwetu kutafuna kahawa na baba. Ukishakata unafunga furushi kubwa kuliko wewe mwenyewe, unajitwika kichwani, nalo linakufunika mpaka kiunoni. Mtu akikuona kwa mbali haoni mtoto. Anaona kichaka kinatembea kwa miguu miwili myembamba.

Sasa siku moja nateremka na kichaka changu, ninachoona ni vidole vyangu vya miguu tu, nikasikia kengele. Ukiwa ndani ya nyasi sauti haina upande, inatoka kila mahali. Nikasimama pale pale katikati ya njia. Aliyekuwa anakuja ni katekista wetu, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka, na baiskeli yake ndiyo ilikuwa baiskeli pekee upande ule wetu wote. Alinigonga, yeye akaenda mtaroni, baiskeli ikaenda kwenye kahawa ya jirani. Alipoinuka alikuwa na rozari mkononi, sijui aliitoa saa ngapi.

"Wewe kichaka!" akasema. "Husikii kengele?"

"Niliisikia, waitu," nikamjibu kwa heshima. "Nilidhani ni ya misa."

"Misa ya Jumamosi saa kumi jioni? Unasalishwa na nani, mbuzi?"

Baba alinipa adhabu moja tu. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, na fundi wa baiskeli alihitaji mtu wa kulishika wakati ananyoosha. Nililishika wiki nzima, na shule ikaendelea bila mimi. Nilikuwa darasa la tatu, na mpaka leo niko darasa la tatu. Siku ya mwisho fundi akaniambia zungusha. Nikazungusha. Lile gurudumu likapita mbele ya macho yangu bila kuyumba hata kidogo, nikajua kwamba riziki yangu itakuwa kwenye kitu kinachozunguka.

Mtasema mzee ameanza kupotea. Sipotei. Napitia njia ya zamani kwa sababu ile fupi imejaa maji.

Ninyi vijana wa stendi ya Muleba, wa bodaboda na wa magari madogo, kila mnaponikuta barabarani na fimbo mnasimama. "Babu Dereva, panda." Nakataa. "Babu Dereva, kwani Shangazi amekufa?" Shangazi ni pikapu yangu. Hajafa, yuko mzima kuliko mimi. Basi nimechukua daftari niwaeleze kwa nini natembea, na jambo lenyewe nalitaja mapema ili isije ikaonekana naficha kwa mara ya pili. Kwa miaka miwili niliendesha gari jicho langu la kushoto likiwa limekufa. Sikumwambia mtu. Na ninyi mnajua nani anatembea upande wa kushoto wa dereva katika barabara zetu. Kila mtu.

Lakini kwanza niwaambie nilivyojifunza, la sivyo hamtaelewa nilivyokosea.

Aliyenifundisha ni Ta Laurenti, mtu wa Rubafu, mfupi, mwenye sauti ya padri. Aliendesha lori la kubeba kahawa, nami nilikuwa utingo wake. Lori lile tuliliita Mama Mkwe, kwa sababu unalikaribia kwa heshima, hulizoei, na ukiligeuzia mgongo unajuta. Asubuhi Ta Laurenti alilizunguka mara moja, akaligusa boneti kwa kiganja, kisha ndiyo akapanda. Mimi nilidhani ni uchawi. Kumbe alikuwa anatazama matairi na kunusa kama kuna mafuta yanayovuja, ila hakutaka ionekane kama kazi.

Mimi nilikuwa mwoga. Naliandika hili wazi. Kila tulipoanza kupanda mlima wa kwenda Kamachumu na magunia yamejaa mpaka juu, tumbo langu lilikuwa linaunguruma kuliko injini. Ta Laurenti akanisikia.

"Deo, hilo ni tumbo au ni gia?"

"Ni tumbo, waitu. Naogopa."

"Vizuri. Dereva mwoga hufika. Siku tumbo likinyamaza, simamisha gari ushuke."

Nililichukua neno lile kama dawa. Nimeendesha miaka zaidi ya arobaini, na tumbo langu limenyamaza mara moja tu.

Alikuwa na kanuni zake za barabara. Mlima unaupanda kwa gia gani, unaushuka kwa gia ile ile, hata kama nyuma yako kuna msafara wa harusi unapiga kelele. Tangi la mafuta likitoboka njiani, chukua sabuni ya mche, iponde na mate, paka kwenye tundu, utafika Bukoba na tangi safi nje na ndani. Kwenye tope usikanyage mafuta kwa hasira, tope halina masikio. Na honi. Honi kwake haikuwa ya kufukuza watu. Alisema barabara zetu zinapita katikati ya vibanja vya watu, kwa hiyo ukipita na gari ni sawa na kupita kwenye uwanja wa mtu, lazima ubishe hodi. Mara mbili kwa kila nyumba iliyo kando ya barabara, mara mbili kwa kila mtu unayempita, na mkono juu. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia mnavyopiga honi ninyi, mara kumi na moja, kumtoa bibi kizee barabarani, nasikia kama mtu amevunja mlango.

Kanuni ya migomba ndiyo ninayoitaka muisikie vizuri, halafu muitupe. Mvua na upepo vikipita, migomba huinama. Mingine inaanguka na mkungu wake, mingine inalala nusu, majani yanafika katikati ya barabara. Ta Laurenti alisema: "Mgomba ulioinama haupigiwi honi wala haukwepwi. Ukiukwepa unaingia mtaroni upande wa pili. Usogelee taratibu, acha majani yafute gari." Na kweli yalifuta. Ukisikia ile shwaa ya majani kwenye mlango wa kushoto unajua umepita salama. Niliipenda sauti ile. Niliwafundisha madereva wengine watano au sita, na leo nawaombea wote.

Nimesema juu ya kukosea. Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya baada ya Ta Laurenti kuniachia Mama Mkwe mwenyewe. Difu, zile gia za kwenye ekseli ya nyuma, lilianza kulia. Difu likilia ni sauti ya kuudhi, kama mtoto anayetaka kitu asichoweza kukitaja. Huko kwenye maegesho ya malori Kemondo dereva mmoja akaniambia, mwanaume mzima unahangaika na kelele? Menya ndizi mbivu, zijaze kwenye difu, litanyamaza. Nikamenya. Mtu wa Bukoba akiambiwa ndizi ni dawa hana sababu ya kubisha. Nilitia chane nzima, nikafunga nati, nikaondoka. Likanyamaza kabisa! Lori likawa linakwenda kama limevaa soksi. Nikawatambia watu siku tatu.

Siku ya nne, kwenye mlima karibu na Muhutwe, nikasikia harufu. Si harufu ya mafuta. Ni harufu ya sherehe. Halafu kishindo, na Mama Mkwe akakaa chini kwenye mlima na magunia yake yote. Ta Laurenti aliletwa kwa gari lingine. Aliingia chini ya lori, akafungua difu, akachovya kidole, akanusa, akatoka.

"Deo."

"Waitu."

"Umepika lubisi kwenye difu."

Lubisi ni pombe yetu ya ndizi, na watu waliokuwa pale walicheka mpaka wakakaa barabarani. Mmoja aliuliza kama kuna kibuyu. Mimi nilikuwa naongeza mawe nyuma ya magurudumu, kwa sababu lile lori lingeweza kurudi nyuma na chini yetu kulikuwa na akina mama wanaotoka sokoni. Ta Laurenti alinichukua pembeni, akasema kwa sauti ndogo: "Gari likilia linasema na wewe. Ukiliziba mdomo halijapona. Linakufa kimya tu." Niliosha vyuma vile kwa mafuta ya taa siku mbili, na vidole vyangu vilinuka pombe wiki nzima mpaka mke wangu akadhani nimeanza kunywa asubuhi.

Mke wangu ni Ma Veneranda. Nitamrudia, yeye ndiye mwenye kisa hiki kuliko mimi.

Baada ya lori nilipata kazi ya ofisi, nikapewa Landrova nililoliita Katekista: refu, kavu, halicheki, na linafika kila kigango. Na Katekista nimewapeleka wakubwa mpaka sehemu ambazo hata mbuzi anauliza njia. Kuna mmoja alitoka mjini mbali, ana haraka. Tukafika kwenye daraja la mbao, nikazima gari, nikashuka, nikalivuka kwa miguu kwanza, nakanyaga ubao mmoja mmoja.

"Dereva, unapima suti?" akaniuliza kupitia dirishani.

"Napima kaburi, mheshimiwa. La kwako na la kwangu."

Ubao wa saba ulizama na mguu wangu. Mheshimiwa alivuka daraja lile kwa miguu, viatu mkononi, na tangu siku hiyo hakunihimiza tena. Nalisema hili si kujisifu. Nalisema ili mjue nilikuwa mtu gani: mtu wa kushuka na kutazama. Mtu asiyeamini kitu mpaka akikanyage. Sasa mtu kama huyo anafikaje mahali pa kuendesha gari haoni?

Anafika polepole, wanangu. Kama giza linavyoingia nyumbani, unaendelea kuchambua maharage mpaka mtu anaingia anauliza mbona hamjawasha taa.

Nilipostaafu nilinunua pikapu iliyokwishatumika na watu wengi kabla yangu. Nikaiita Shangazi, maana haikimbizwi, inakuja inapotaka yenyewe, na njia nzima inalalamika. Difu lake lilikuwa linalia tangu siku niliyoinunua. Mwanangu Projestus, mwalimu, anayekaa Bakoba, pale Bukoba mjini, alitaka kulipeleka kwa fundi. Nikamwambia liache liseme, nalielewa. Sauti ile ilijulikana kijiji kizima. Watu walikuwa wanaweka maji ya chai jikoni wakisikia Shangazi anapanda, wakijua mpaka yachemke nitakuwa nimefika.

Na Shangazi nilibeba kila kitu. Saruji, kwaya, maharusi, jeneza. Nilimpeleka Ma Veneranda hospitali ya Rubya kila mwezi kupima presha. Mtu akiugua, wanasema mwite Dereva. Hawasemi mwite Deo. Jina langu la ubatizo lilikuwa limebaki kanisani tu. Basi nilipoanza kuona ukungu upande wa kushoto, kitu cha kwanza nilichojiuliza si nitaponaje. Nilijiuliza: nikiacha kuendesha, wataniita nani?

Nilikwenda hospitali peke yangu, mbali na kwetu, nikamdanganya mke wangu kwamba nafuata tairi. Daktari akasema ni presha ya macho, jicho la kushoto limekwisha, halirudi, la kulia tutalilinda kwa dawa. Akaniuliza, mzee unafanya kazi gani? Nikamwambia, mkulima. Dawa niliificha ndani ya kisanduku cha spana, na nikawa naitia jichoni nyuma ya gari, kama mwizi.

Halafu ukafika wakati wa leseni, na leseni inataka kupimwa macho. Nilikwenda mapema, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango, nikawasikiliza waliotangulia wakisoma ule ubao wa herufi. Mimi ni mtu wa darasa la tatu, lakini herufi zile nilizikariri kama Salamu Maria, mstari kwa mstari. Nikaitwa. Nesi, binti mdogo, mchangamfu, akasema funika jicho la kushoto. Nikafunika, nikasoma kwa jicho la kulia. Vizuri. Funika la kulia. Nikafunika. Dunia ikazimika yote. Nikavuta pumzi, nikamwaga herufi zangu mpaka mstari wa chini kabisa.

Nikasikia kalamu inawekwa mezani.

"Babu," akasema, "nilikuwa nimesimama mbele ya ubao."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, wewe ni mwembamba, nimesomea pembeni yako." Akacheka sana. Akacheka, akaandika, akagonga muhuri. Na mimi nilicheka naye mpaka nilipotoka nje. Kosa lile si la yule binti. Ni langu. Nilikuwa nimetia ndizi kwenye difu kwa mara ya pili.

Tangu siku hiyo kila safari ilikuwa mateso. Nilijifunza kugeuza shingo kama kuku, kila baada ya nguzo mbili. Nilipita maili nzima katikati ya barabara nikijidai nakwepa mashimo. Shule zikitoka, nilikuwa nasimamisha gari kabisa, nafungua boneti, nasimama kama mtu anayesubiri injini ipoe, mpaka watoto wote wapite. Walikuwa wananiamkia mmoja mmoja. "Shikamoo Babu Dereva, gari bovu?" "Bovu, wajukuu. Bovu sana."

Siku moja tunatoka Rubya, mke wangu kando yangu, nikaona mtu amesimama kando ya barabara, amevaa koti. Nikapiga honi mara mbili, nikainua mkono. "Habari za huku, Ta Zakaria!"

Tukaenda kidogo. Ma Veneranda akauliza polepole, "Umemsalimia nani?"

"Ta Zakaria. Hujamwona?"

"Ta Zakaria tulimzika mwaka jana. Ulibeba jeneza lake kwenye gari hili."

Nikapunguza mwendo.

"Ule ni mgomba," akasema. "Wameanika koti."

Mnaweza kucheka. Hata kijiji kilicheka, maana kulikuwa na watu kibanjani walionisikia, na wiki nzima nikipita madukani mtu ananiuliza, "Dereva, marehemu anaendeleaje?" Lakini Ma Veneranda hakucheka. Wala hakuuliza. Safari iliyofuata alipanda, akafunga mkanda, akaweka rozari kwenye mkoba badala ya mkononi, akatazama kushoto. "Mtu," akasema. Baadaye kidogo: "Baiskeli." Halafu: "Ng'ombe wawili na mtoto." Mimi nikapiga honi, nikasogea kulia. Hatukuzungumza. Mwaka mzima tuliendesha gari namna hiyo, watu wawili na macho matatu. Katika maisha yangu nimekuwa na matingo wengi, wavivu, walevi, hodari, lakini wa mwisho alikuwa mke wangu, mwenye presha, miguu haifiki chini vizuri, anasema "mtu, mtu, mgomba, mtu" kama anasali litania.

Projestus alikuja akasema, "Tata, sasa gari lipumzike." Nikamfokea. Nikamwambia nilikuwa naendesha yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Ma Veneranda alikuwepo, akatazama chungu chake. Angeweza kunisema pale. Hakunisema. Nadhani alikuwa anasubiri nijiseme mwenyewe.

Nimtaje mtu mmoja zaidi, maana siku yenyewe imefika. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kwetu kuna familia yenye binti anaitwa Kemilembe, amemaliza kidato cha nne, ana heshima ya zamani. Siku hizi wasichana wengi hawapigi magoti barabarani kumwamkia mzee, na siwalaumu, kuna tope. Yeye hupiga. Akisikia Shangazi tu, kabla hata ya honi, anaweka goti chini kando ya njia mpaka nipite.

Siku hiyo tulitoka Rubya mchana. Presha ya Ma Veneranda ilikuwa imepanda, walimpa vidonge, na vile vidonge vikamlaza. Niliona kichwa chake kinaanguka kifuani. Nikamwita. "Ma Vene." Akasema "mtu," huku amefumba macho. Hapakuwa na mtu. Ningesimama. Hili ndilo ninaloliandika kwa herufi kubwa: ningesimama nikangoja aamke, tulikuwa hatuna haraka ya kitu chochote duniani. Lakini zilikuwa zimebaki kona tatu tu, na mvua ilikuwa imeanza manyunyu, na nilitaka kufika nyumbani nizime lile gari, tumbo lipumzike.

Usiku wa kuamkia siku hiyo upepo ulikuwa umevuma. Migomba ilikuwa imeinama njia nzima. Nilipita wa kwanza, shwaa. Nikapita wa pili, shwaa. Kwenye kona ya mwisho nikageuza shingo, nikaona wa tatu, mfupi kidogo, umeinamia barabara, majani mabichi yanashuka pande zote mpaka nusu. Sikupiga honi. Mgomba haupigiwi honi. Sikuukwepa. Nikausogelea taratibu, kwa mlango wa kushoto, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha.

Mgomba ukapiga magoti.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Shangazi akaserereka, akageuka kidogo, akazimika. Ikabaki mvua tu juu ya bati. Jani moja lilikuwa limelala juu ya taa ya mbele. Halikuwa limeigonga. Lilikuwa limelala tu, kama mkono wa mtu begani.

Ma Veneranda akaamka. Akatazama kushoto. Sikuwahi kuona uso wake vile.

Ndani ya majani sauti ikanisalimia kwa Kihaya, ya chini, ya adabu, kichwa hakijainuliwa. Ilikuwa sauti ya Kemilembe. Alikuwa ametwikwa mzigo wa majani ya migomba ya kufunikia vyungu, kwao kulikuwa na harusi ya dada yake. Majani yalimfunika mpaka kiunoni. Ndani mle haoni kitu, nami najua mtu akiwa mle anasikia nini. Alisikia difu la Shangazi linalia, hakujua linatoka upande gani, akapiga magoti pale pale alipokuwa.

"Asante kwa kusimama, Babu," akasema. "Nilikuwa nimechoka kweli. Wengine wanapita tu."

Alidhani nimesimama kumpa lifti.

Akainuka, akazunguka, akapandisha majani yake nyuma ya gari, akayapanga vizuri ili yasichanike. Nilimsikia anaimba kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Nilisikiliza tumbo langu. Lilikuwa limenyamaza. Kimya kabisa, kama difu lenye ndizi.

"Deo," mke wangu akasema. Miaka mingi hakuwa ameniita hivyo.

"Nilidhani ni mgomba," nikamwambia.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Ta Zakaria."

Nikafungua mlango. Nikashuka, nikaufunga polepole ili usipige kelele. Kutoka pale mpaka kwetu si mbali, ni kona ile na mteremko mmoja. Nikaanza kutembea. Sikuchukua kofia wala kisanduku cha spana chenye dawa yangu. Nilisikia mlango wa upande wa pili unafunguliwa na Ma Veneranda anashuka kwa shida, anavua viatu, ananifuata. Sikumgeukia kumngoja, na katika yote ya siku ile hilo tu ndilo aliloninunia baadaye. Baadaye Projestus alikuja kumchukua Shangazi, na mkewe ndiye aliyemwendesha mpaka Bakoba. Mimi sikwenda kumwona akiondoka, na sijakaa nyuma ya usukani tena.

"Babu!" Kemilembe akaita siku ile, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kutembea. "Babu Dereva! Umesahau funguo!"

Niliendelea kwenda. Mvua ilikuwa imeanza kukolea, na kando yangu upande wa kushoto kulikuwa na vitu virefu, vya kijani, vimesimama na vingine vimeinama. Sikujua kipi ni kipi. Nikawa navisalimia vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka nyumbani.